Sauti Iliyouza Sukari

Mama Alphonsine hakukaa kwenye benchi la wenye malalamiko. Alipita moja kwa moja hadi mezani kwa Sajini Okuonzi wa upelelezi, akavuta kiti, akaweka mkoba mapajani na kuukumbatia kwa mikono miwili.

"Afande, iko sauti moja inaingiaka mu nyumba yangu," alisema. "Nataka uifunge."

Okuonzi alimfahamu, kama alivyofahamika na karibu kila mtu mjini Arua. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Zaire akiwa bibi harusi, akafiwa na mumewe Étienne, na nyumba yake ya wageni nyuma ya soko ilikuwa miongoni mwa nyumba chache za raia zilizokuwa na simu. Hakuwa mtu wa kuja polisi. Miaka ile ya utawala wa askari, watu walipokiona kituo cha polisi walivuka barabara na kupita upande wa pili.

"Sauti ya nani?"

"Kama ningemujua ningemwendea mimi mwenyewe. Iko mwanaume. Siku kumi sasa anapigaka kila mchana, wageni wakishamaliza kula. Anasalimia muzuri, anauliza habari ya watoto. Kisha anasema iko na sukari, iko na sabuni, iko na betri ya radio. Mimi niseme tu nataka gunia ngapi."

Okuonzi aliweka kalamu chini. Sukari ilikuwa imetoweka madukani tangu mvua zilizopita. Aliyekuwa nayo alikuwa nayo kwa magendo, na kwa magendo mtu aliweza kusimamishwa mbele ya bunduki.

"Umemjibu nini?"

"Nimekataa. Nimemwambia asipige tena. Hata nimemutukana. Kesho yake anapiga, anacheka kidogo, anasema, mama, mutu anakataa leo, kesho anakubali."

"Anasema mutu?"

"Mutu. Kama sisi ya mpakani."

"Basi ondoa mkono wa simu, uache pembeni. Hataingia."

"Mutoto wangu Monique iko nesi Kampala. Anapigaka akipata nafasi. Nikiondoa simu, nitajua vipi kama iko muzima?"

Kila nyumba iliyokuwa na mtoto Kampala ilikuwa na swali hilo.

"Mama, mtu wa kuuza sukari kwa simu anasumbua, lakini hiyo siyo kazi ya upelelezi."

"Candia alikubali," alisema Alphonsine.

Okuonzi aliinua macho. Candia alikuwa daktari msaidizi mwenye zahanati ndogo kwenye njia ya Pajulu. Nusu ya watoto wa mji walikuwa wamepita mikononi mwake, wa Okuonzi wakiwemo.

"Watoto wanaharisha huko kwake," Alphonsine aliendelea. "Alitaka sukari ya kuchanganya na chumvi, awanyweshe. Wiki iliyopita alipita kwangu kunywa chai, akaniambia sauti ile imempigia yeye pia, na amekubali. Aliondoka na Peugeot yake njia ya Koboko. Hakurudi. Bibi yake amelia mpaka amenyamaza. Na jana, afande, ile sauti imenipigia tena, inaniuliza habari ya watoto kama hakuna kitu imefanyika."

Okuonzi alivuta karatasi, kisha akaisukuma kando bila kuandika. "Iko mtu anakutakia mabaya? Mtu wa kusema mutu?"

Alphonsine aliukaza mkoba mapajani. "Basile, ndugu ya marehemu. Anasema nyumba iko ya ukoo wao, mimi nitoke. Lakini iko Koboko sasa, ananunua maharage."

"Tangu lini?"

"Kabla Candia hajaenda."

* * *

Nyumba ya simu ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha ya wavu. Ubao wenyewe ulisimama ukutani kama kabati: matundu safu kwa safu, kila tundu na kifuniko chake kidogo cha chuma. Mtu akizungusha simu yake nyumbani, kifuniko cha laini yake huanguka kwa mlio mdogo, opereta huchomeka waya kwenye tundu lile na kuuliza anamtaka nani. Hakuna neno lililoingia au kutoka Arua kwa simu bila kupitia mikono iliyokaa mbele ya ubao ule.

Mchana huo mikono ilikuwa ya Eyotaru, msichana wa Ajia mwenye nywele zilizosukwa kwa uzi, na nyuma yake alisimama msimamizi, Bwana Ocama, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuita miji ya mbali.

"Karibu, Sajini. Tumekosa nini?"

"Mama Alphonsine anapigiwa simu asizozitaka. Nataka kujua zinatoka—"

"Koboko," alisema Eyotaru.

Okuonzi alimtazama. Swali lilikuwa bado mdomoni mwake. Msichana aliinamisha macho, akaanza kunyoosha nyaya zilizokuwa tayari zimenyooka.

"Zinatoka Koboko," Ocama alirudia, akicheka. "Ofisi yangu nzima inajua hiyo habari. Yule mama amenigombeza hapa mara nyingi."

"Kwa nini usizuie?"

"Nizuie nini? Koboko wakituomba nyumba ya wageni, mimi najuaje kama ni mgeni anataka kitanda au ni huyo mwuzaji? Naweza kukata laini ya mama, basi. Yeye hataki. Sasa mimi nifanye nini?"

"Niunganishe na Koboko. Nitamuuliza wakala wa simu kule."

Ocama alikuna shingo. "Hapo ndipo iko shida. Koboko wakipiga tunawasikia. Sisi tukipiga, hawasikii. Waya ina ugonjwa wa upande mmoja. Fundi atakwenda."

Okuonzi hakuwa fundi. Alijua pikipiki, bunduki na uongo wa wezi wa ng'ombe, na jambo la waya kusikia upande mmoja lilimwingia kama jambo linalowezekana. Alishukuru, akatoka. Mlangoni aligeuka. Eyotaru alikuwa anamwangalia, na macho yao yalipokutana msichana aligeukia ubao haraka, ijapokuwa hakuna kifuniko kilichokuwa kimeanguka.

Mkubwa wa kituo alimpa ruhusa ya kwenda Koboko kwa shingo upande. "Ukimkuta Basile mlete," alisema. "Ukikuta kitu kingine, usikilete."

* * *

Gari la polisi halikuwa na petroli, kwa hiyo Okuonzi alipanda lori la tumbaku, amevaa shati la kiraia, bastola kiunoni. Baada ya Maracha barabara ilipita mashamba ya muhogo na mabanda marefu ya kukaushia tumbaku, mengine yakiwa na moshi, mengine yameachwa yaanguke. Kwenye kizuizi askari waliwashusha wote, wakawatazama, wakawapandisha. Okuonzi aliuliza habari za Peugeot nyeupe. Hakuna aliyeiona, na walijibu upesi mno.

Koboko palikuwa na soko kubwa, msikiti, na kibanda cha simu cha wakala aitwaye Tahiru, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma. Alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake akila karanga. Okuonzi alijitambulisha.

"Nani anapiga simu Arua kila mchana kutoka hapa?"

Tahiru alimtazama kama anayepima kama anataniwa. "Kutoka hapa? Afande, njoo uone."

Alimwingiza ndani. Simu ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa kama maiti. Tahiru alizungusha kipini chake, akampa Okuonzi mkono wa simu asikilize. Hakukuwa na mvumo wala mkwaruzo. Kimya tupu.

"Laini iko imekufa. Lori iligonga nguzo kule njia panda ya Arua, waya yote ikaanguka, watu wakaichukua kufanya mitego ya wanyama. Nimetuma habari Arua kwa basi. Nimetuma tena. Bwana Ocama anasema fundi anakuja. Mimi nakula karanga."

"Haipigi, na haipokei?"

"Waya iko chini, afande. Itapiga na nini?"

"Ilianguka lini?"

"Kabla ya mwezi kuandama. Siku nyingi."

Mwezi sasa ulikuwa karibu kujaa. Okuonzi alirudisha mkono wa simu mahali pake, taratibu. Simu zote alizopigiwa Alphonsine, na ile iliyomtoa Candia nyumbani kwake, zilikuja baada ya waya kulala chini.

Alimkuta Basile kwenye soko la nafaka, mrefu, mwembamba, mikono imejaa vumbi la maharage. Aliposikia neno polisi aliangalia kulia na kushoto kutafuta njia, kisha mabega yakamshuka.

"Ni Alphonsine amenishitaki?"

"Umempigia simu?"

"Mi nipige simu kumwambia nini? Nikitaka kugombana naye nagombana naye uso kwa uso. Kila mutu mu Arua ametusikia." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Amepatwa na nini?"

Swali la mwisho lilitoka bila hila, na Okuonzi alilisikia hivyo. Alimweleza. Basile alikaa juu ya gunia.

"Candia alimutibu ndugu yangu Étienne mpaka siku ya mwisho," alisema. "Hakuchoka. Na hapa hakufika, afande. Peugeot nyeupe ikiingia Koboko, watoto wanaikimbilia. Hakufika."

"Basi alichukuliwa njiani."

"Na ile sauti?"

"Ile sauti haijawahi kuwa Koboko," alisema Okuonzi.

Basile alikuwa na lori dogo. Walirudi Arua pamoja, maharage nyuma.

* * *

"Mama, ile sauti ikikupigia," Okuonzi alimwuliza Alphonsine jikoni kwake, "mnapiga kelele ili msikilizane?"

"Kelele ya nini? Anaongeaka pole pole. Kama mutu amekaa hapa kando yako."

"Na Monique akipiga kutoka Kampala?"

"Kwa Monique napigaka kelele kama niko ng'ambo ya mto. Majirani wote wanasikia." Kijiko alichokuwa nacho kilibaki hewani. "Afande, ile mutu iko hapa. Iko hapa mu Arua."

Okuonzi alimsubiri Eyotaru kwenye daraja la mto Enyau, njia aliyopita kila alipotoka kazini. Jua lilikuwa bado juu ya kilima cha Arua, na wanawake walikuwa wanafua chini kwenye mawe. Msichana alipomwona alisimama. Hakujaribu kukimbia.

"Dada, nimetoka Koboko. Waya iko chini."

Eyotaru aligeuza macho kwenye maji.

"Ulisema Koboko kabla sijauliza. Mtu hujibu hivyo akiwa amefundishwa jibu. Nani alikufundisha?"

"Usiniulize, afande."

"Candia ameacha bibi na zahanati imejaa watoto."

"Najua." Alishika ukingo wa daraja. "Mimi ndiye nilichomeka ile waya. Nilisema, daktari, Koboko wanakutaka. Akaniambia asante, Eyotaru, mama yako amepona mguu? Aliniuliza hivyo. Kisha nikamuunganisha."

"Ukamuunganisha na nani?"

Chini yao mwanamke alikung'uta shuka, maji yakaruka. Eyotaru alisubiri mpaka yule mwanamke akainama tena.

"Bwana Ocama. Kila mchana ananiambia nisogee, anakaa kwenye kiti cha pili na kisikilizio cha kichwani. Mimi naunganisha nyumba, nasema Koboko, kisha yeye anaongea. Anabadilisha mdomo, anasema kama watu wa Zaire. Anashusha sauti mpaka simtambui. Na anajua kila mtu anakosa nini, afande, kwa sababu anawasikiliza wakiongea. Anajua nani anatafuta sukari, nani anatafuta sabuni, nani iko na gari."

"Wanaokubali wanakwenda wapi?"

"Hapo ananiambia nitoke nje. Sijui mahali. Najua tu kwamba akimaliza ananiita nimuunganishe na ile ofisi isiyo na kibao, anasema, mgeni anakuja."

Okuonzi alijua ofisi ile ya watu wa usalama. Kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Watu wake walitembea na Landrova ya kijani, na mtu aliyekamatwa nao akiwa anafuata sukari ya magendo hakuwa na wa kumtetea, wala gari lake halikuwa na wa kulidai. Ocama alikuwa anawavulia samaki, nao walikuwa wanakula.

"Watatu kabla ya daktari," alisema Eyotaru kwa sauti ya chini. "Nilifikiri nikiacha kazi watajua kwamba najua. Sasa utanipeleka wapi?"

"Kesho utakwenda kazini kama kawaida. Akikuambia umuunganishe na Mama Alphonsine, muunganishe. Usifanye kitu kingine."

* * *

Alphonsine alikuwa amekataa mara nyingi kiasi kwamba kukubali kulimtia hofu kuliko kitu chochote. Alikaa kwenye kiti karibu na simu, shanga zake za rozari zimezungushwa kiganjani. Okuonzi alipiga goti kando yake. Basile alisimama mlangoni kuzuia wageni wasiingie. Shemeji hao wawili hawakuwa wamekaa chumba kimoja tangu matanga ya Étienne.

Simu ililia.

"Mama, Koboko," ilisema sauti ya Eyotaru.

Alphonsine aliinamisha mkono wa simu ili Okuonzi asikie.

"Habari ya mchana, mama. Watoto ni wazima?" Sauti ilikuwa laini, ya karibu, ya mtu asiye na haraka. Okuonzi aliitafuta ile sauti kubwa ya Ocama ndani yake na hakuiona.

"Wazima."

"Mimi ni ile mutu yako ya sukari. Usinikasirikie leo."

"Sijakasirika." Alphonsine alisogeza shanga moja. "Wageni wananikimbia, bwana. Chai bila sukari, nani atalala kwangu? Leta magunia mawili."

Upande wa pili kiti kilisogezwa.

"Sisi hatuletaka. Wewe unakuja. Iko banda la tumbaku baada ya Maracha, upande wa kushoto, paa lake limeanguka nusu. Muulize Yangi. Usije na watu wengi, mama, sukari haipendi watu."

"Nikuje lini?"

"Keshokutwa asubuhi. Na usimwambie mutu. Hii simu ina masikio."

Laini ikafungwa. Alphonsine aliweka mkono wa simu chini, akafuta kiganja kwenye kitenge chake kama aliyeshika kitu chenye utelezi.

"Keshokutwa," alisema Basile kutoka mlangoni.

"Kwa hiyo kesho hawatarajii mtu," alisema Okuonzi. "Tunakwenda kesho."

Hakumwambia mkubwa wa kituo. Alikuwa ameshaambiwa asilete kitu kingine.

* * *

Banda lilikuwa kama lilivyoelezwa. Peugeot nyeupe ilikuwa nyuma yake, imefunikwa majani makavu ya migomba, magurudumu yameshatolewa. Basile alibaki kwenye lori, injini inanguruma. Okuonzi alikuwa amevaa koti refu na miwani myeusi aliyoazima, na alitembea kama walivyotembea wale wa Landrova, bila kuharakisha na bila kuangalia anapokanyaga.

Mlinzi aliyetokea alikuwa mtu wa makamo mwenye bunduki kuukuu, miguu peku.

"Yangi."

"Ndiyo, afande."

"Yule daktari. Mlete."

"Niliambiwa mpaka jioni, afande. Landrova inakuja jioni."

"Bwana Ocama hakukuambia mpango umebadilika?" Okuonzi alisema kwa ukali wa kawaida, kama anayekemea kuchelewa kwa chai. "Unataka niende nikamwambie mkubwa kwamba Yangi amekataa kumtoa mtu?"

Jina la Ocama ndilo lililofanya kazi. Mtu wa nje hangelijua. Yangi alitazama koti, akatazama miwani, akaingia ndani na kufungua komeo.

Candia alitoka akishikilia ukuta. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, na mguu wa kulia haukukanyaga sawasawa. Alimwona Okuonzi, akamtambua, na kwa bahati njema hakutamka kitu. Alidhani anapelekwa kuuawa na mtu anayemfahamu. Okuonzi alilisoma hilo machoni pake na hakuweza kumwambia vinginevyo.

"Wengine wako wapi?" Okuonzi alimwuliza Yangi.

"Wengine gani, afande? Iko huyu tu. Wale waliondoka na Landrova."

"Walikwenda wapi?"

Yangi alishangaa kwamba mkubwa anamwuliza yeye. "Mtoni," alisema.

Okuonzi alimsukuma Candia kuelekea lorini. Walipokwisha kupita kona ya kwanza, ndipo alipovua miwani.

"Daktari, sikuja kukuua. Umetoka."

Candia alianza kulia bila sauti, mdomo wazi. Baada ya muda aliuliza, "Na wale watatu? Mmoja alikuwa mwalimu. Tulikuwa tunashika mikono gizani."

Basile alikaza mikono kwenye usukani.

Waliachana kwenye njia ya shamba inayokwenda mpakani. Arua haikuwa tena mahali pa Candia, wala Koboko. Basile alijua vijiji vya upande wa pili na watu wa kumficha, na aliahidi kurudi kumchukua mke wa daktari kabla habari haijasambaa. Candia aliushika mkono wa Okuonzi kupitia dirishani.

"Wale watoto kule zahanati," alisema. "Wape maji ya wali yenye chumvi. Sukari ikikosekana, maji ya wali. Mwambie mtu yeyote atakayekusikia."

* * *

Okuonzi alipata lifti ya lori la mkaa na kuingia Arua mchana, saa ambayo wageni wa Alphonsine huwa wamemaliza kula. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya simu. Ocama alikuwa kwenye kiti cha pili, kisikilizio kichwani, anazungumza taratibu na mtu kuhusu sabuni. Eyotaru alikaa kando yake, mgongo umenyooka kama ubao wenyewe.

Okuonzi aliuvuta waya kutoka kwenye tundu. Mazungumzo yakakatika katikati ya neno.

"Simama, Bwana Ocama."

Ocama hakusimama. Alivua kisikilizio, akakiweka mezani kwa uangalifu. Alipozungumza alitumia sauti yake kubwa ya kila siku.

"Sajini, umekwenda mbali. Keti tuongee."

"Mwalimu mmoja na watu wawili wako mtoni. Daktari Candia nimemtoa."

Rangi ilimtoka Ocama usoni, lakini si kwa sababu ya wale watatu. "Umemtoa kwa jina la nani?"

"Kwa jina lako. Yangi atawaambia hivyo jioni, wakimkosa mtu wao."

Ocama alielewa kabla Okuonzi hajamaliza: wale wangedhani amewasaliti. "Utamwambia nani habari hizi?" alisema. "Kampala? Utapiga na simu gani? Kila simu utakayoinua mjini hapa, anayekujibu ni mimi."

"Leo si wewe," alisema Okuonzi, akamfunga pingu kwenye bomba la maji lililopita ukutani. Kisha akamgeukia msichana. "Dada, ziko nyumba ngapi za raia zenye simu?"

"Siyo nyingi, afande."

"Piga zote. Sema jina lako. Sema wasinunue kitu kwa simu, sukari wala sabuni, hata wakiambiwa ni Koboko. Koboko haina laini."

Eyotaru alichukua waya wa kwanza. Akauchomeka. "Mimi ni Eyotaru, opereta," alisema, na sauti ikamkwama. Akakohoa. "Mimi ni Eyotaru, wa nyumba ya simu. Naomba mnisikilize."

Alizungumza na nyumba moja baada ya nyingine. Wengine walimwuliza maswali, na aliyajibu. Mwanamke mmoja alianza kulia kwenye laini, kwa sababu mume wake alikuwa ameshaondoka na hakurudi, na Eyotaru alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ocama alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kimeegemea bomba, anahesabu pumzi zake.

Kisha kifuniko cha juu kabisa upande wa kulia kikaanguka. Eyotaru aliurudisha mkono wake mapajani.

"Iko ile ofisi," alisema. "Wanamtaka yeye."

Ocama aliinua kichwa. "Nipe niongee nao," alisema kwa haraka. "Sajini, nipe. Nitawaambia ni makosa. Nitakuokoa na wewe pia."

Okuonzi alichukua kisikilizio, akakibana sikioni, akamwashiria Eyotaru achomeke waya.

"Ocama?" iliita sauti ya mwanaume, fupi, iliyochoka. "Yule mgeni wa banda yuko wapi?"

"Ocama iko chini ya ulinzi wa polisi," alisema Okuonzi. "Kwa kuwapoteza watu wanne, watatu wao wamekufa. Mimi ni Sajini Okuonzi, upelelezi, Arua. Mgeni nimemchukua mimi."

Upande wa pili palikuwa na redio inacheza mbali. Ikazimwa.

"Rudia jina," ilisema ile sauti.

Alilirudia, polepole, ili lisikike vizuri. Laini ikafungwa.

Alivua kisikilizio na kumrudishia Eyotaru. Nje, barabara ya sokoni ilikuwa na watu na baiskeli kama mchana wowote, na ile ofisi haikuwa mbali. Okuonzi alivuta kiti, akakiweka kati ya ubao na mlango, akakaa akitazama nje, bastola juu ya goti.

"Zimebaki nyumba?" aliuliza bila kugeuka.

"Zimebaki."

"Endelea."

Nyuma yake alisikia waya ukiingia kwenye tundu, kengele ikilia mbali katika nyumba ya mtu, na sauti ya msichana, safari hii bila kukwama, ikitaja jina lake.